Miito 21 kwa kila pikseli: kisa cha programu ya ukingo wa ziwa, Kigoma

Maji ya Ziwa Tanganyika yalipopanda 2020 na 2021, swali lililosikika Kibirizi, Katonga na Ujiji lilikuwa moja: ziwa limeingia nchi kavu kiasi gani, na wapi zaidi? Programu ninayoichambua hapa iliandikwa Kigoma mjini ili kulijibu kwa namba. Mwandishi wake ni dada aliyesomea mambo ya ramani. Anachukua picha za setilaiti ya Sentinel-2, anazipitia pikseli moja moja, na kila pikseli anaipa jibu, maji au si maji, kisha analinganisha tarehe na tarehe. Kwenye bendi anazotumia (yaani rangi za mwanga ambazo setilaiti hupiga kila moja peke yake), pikseli moja ni mita 10 kwa mita 10. Safu moja tu ya pikseli ikigeuka maji pale mwalo wa Kibirizi, hizo ni mita kumi za ufukwe ambao watu walikuwa wakianikia dagaa. Ni kazi ninayoiheshimu sana, na ndiyo maana nilitaka isife kwa sababu ya kompyuta.

Majibu yake yalikuwa sahihi. Tatizo lilikuwa mwendo. Vipande vya picha ni vingi, tarehe ni nyingi, na kila akibadilisha kizingiti cha kutenganisha maji na ardhi inabidi arudie vyote. Akaomba ushauri, akaambiwa chanzo ni fanksheni (vipande vya msimbo vyenye jina, vinavyoitwa kila vikihitajika): kila unapoita fanksheni unalipa, kwa hiyo azifute, aandike kila kitu ndani ya lupu (msimbo unaojirudia) moja ndefu. Aliponitafuta alikuwa ameshaanza kufuta.

"Kaka, nikizifuta hizi zote, mwakani nikifungua hii faili nitaelewa kitu kweli?"

"Usifute kwanza, mdogo wangu. Tuangalie kompaila imeona nini."

Kompaila ni programu inayogeuza msimbo ulioandikwa na mtu kuwa maagizo ya prosesa. Wasiwasi wake ulikuwa na maana kuliko ushauri aliopewa. Ushauri ule una ukweli ndani yake, lakini unaelekeza lawama pasipostahili.

Hesabu yenyewe ni fupi. Kwa kila pikseli, programu inachukua wastani wa pikseli tisa (yenyewe na majirani nane) kwenye bendi ya kijani, inafanya hivyo hivyo kwenye bendi ya infraredi ya karibu (mwanga usioonekana kwa macho), inasahihisha wastani wote wawili, halafu inakokotoa faharisi ya maji: kijani kutoa infraredi, gawanya kwa kijani jumlisha infraredi. Maji hunyonya sana infraredi, ndiyo maana faharisi hupanda penye maji na kushuka penye mimea au udongo. Msimbo ulipangwa vizuri katika faili tatu. Faili ya `picha.c` ilikuwa na fanksheni hii:

```
float chukua(const Picha *p, int x, int y)
{
    if (x < 0 || y < 0 || x >= p->upana || y >= p->urefu)
        return 0.0f;
    return p->data[(size_t)y * p->upana + x];
}
```

Lupu kubwa ilikuwa kwenye `ukingo.c`, na fanksheni za kusahihisha na za faharisi kwenye `hesabu.c`. Hesabu miito: mara 9 kwa `chukua` kwenye kila bendi, jumla 18, mara 2 kusahihisha, mara 1 faharisi. Ni miito 21 kwa kila pikseli. Kipande kimoja cha Sentinel-2 kina pikseli 10,980 kwa 10,980, yaani 120,560,400. Zidisha, unapata miito 2,531,768,400 kwa kipande kimoja.

Ukiona namba kama hiyo ni rahisi kumwamini yule mshauri. Lakini twende nayo hadi mwisho. Kuita fanksheni kwenye prosesa za kawaida za x86-64 ni hivi: thamani za kupelekwa huwekwa kwenye rejista (vihifadhi vidogo vilivyo ndani ya prosesa) zilizopangwa, agizo la `call` husukuma anwani ya kurudia, baiti 8, juu ya steki (sehemu ya memori ya kazi za muda) na kurukia fanksheni, fanksheni huandaa nafasi yake kwenye steki ikihitaji, hufanya kazi, kisha `ret` huitoa ile anwani na kurudi. Kwenye Linux, thamani sita za kwanza zilizo namba kamili au pointa (anwani za memori) hupita kwenye rejista, na nane za kwanza za desimali pia, kwa hiyo hata memori haiguswi kuzipeleka. Prosesa za leo hutunza orodha ya anwani za kurudia ili kubashiri `ret` itaelekea wapi, na kwa mwito wa moja kwa moja ubashiri huo hukosea mara chache sana. Tukiuhesabu mwito na kurudi kwake kuwa mizunguko 5 ya prosesa ya GHz 2.5, miito yote ile ni kama sekunde 5 kwa kipande. Muda halisi wa programu ulikuwa mara kadhaa ya huo. Sehemu kubwa ya gharama ilikuwa mahali pengine.

(Ubishi huu si wa leo. Mwaka 1977 Guy Steele wa MIT alionesha kwamba sifa ya miito kuwa ghali ilitokana na kompaila zilizoitekeleza vibaya, na kwamba wazo la kugawa kazi katika fanksheni halina kosa. Inasikitisha kwamba miaka yote hii baadaye bado watu wanashauriwa kufuta fanksheni zao.)

Jambo la kwanza tulilokuta ni dogo na nalipita haraka: alikuwa akikompaili bila kuomba uboreshaji wowote. Katika hali hiyo GCC, kompaila yake, haipachiki fanksheni (yaani haiweki mwili wake pale pale inapoitwa), hata uiandikie `inline`, na kila kigeu kinaishi kwenye memori: kinasomwa, kinabadilishwa, kinarudishwa. Tukaweka `-O2`, bendera ya kuomba uboreshaji. Muda ukashuka sana. Bado haukutosha.

Hapo ndipo tulipofungua asembli (maagizo ya prosesa kwa maandishi, kama kompaila ilivyoyatoa), na kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu ya kisa inayostahili kutazamwa kwa makini. Ndani ya lupu ya majirani tisa tuliona hivi:

```
    movq    %rbx, %rdi
    movl    %r12d, %esi
    movl    %r13d, %edx
    movss   %xmm0, 12(%rsp)
    call    chukua
    addss   12(%rsp), %xmm0
```

Mistari mitatu ya mwanzo inapeleka picha, x na y. Tazama wa nne na wa sita. Jumla inayokusanywa iko kwenye rejista ya `xmm0`. Kabla ya kuita, inatupwa kwenye steki. Baada ya kurudi, inasomwa tena kutoka huko na kujumlishwa. Kwa kanuni za miito za Linux kwenye x86-64, hakuna rejista hata moja ya xmm ambayo fanksheni iliyoitwa inalazimika kuihifadhi. Kwa hiyo kompaila, isipojua `chukua` inafanya nini ndani, ni lazima idhani kwamba rejista zote hizo zitaharibiwa. (Kwenye Windows kanuni ni nyingine, xmm6 hadi xmm15 hulindwa, na msimbo huu huu ungetoka na sura tofauti.) Kila jumlisho linangoja safari ya kwenda na kurudi memori, na kila moja linategemea lililotangulia, mara tisa kwa bendi.

Na hayo ni machache kati ya yaliyopotea. Kompaila husoma faili moja moja. Ilipokuwa ikishughulikia `ukingo.c`, kitu pekee ilichokijua kuhusu `chukua` ni jina na aina za thamani zake. Mwili wake uko `picha.c`. Kwa hiyo haikujua kwamba upana wa picha ni ule ule kwa miito yote, ukasomwa upya kila mara. Haikujua kwamba `y * upana` haibadiliki ndani ya mstari mmoja, ukazidishwa upya kila mara. Haikujua kwamba pikseli za katikati ya picha haziwezi kutoka nje ya mipaka, zikakaguliwa mipaka minne kila mara. Na haikuweza hata kufikiria kufanya pikseli nne kwa pamoja, kwa sababu huwezi kuita fanksheni usiyoiona kwa pikseli nne kwa wakati mmoja. Kuruka kwenda na kurudi ni sehemu ndogo ya bei ya mwito. Bei kubwa ni kwamba mwito ni pazia: kilicho nyuma yake kompaila haikioni, na isichokiona haiwezi kukiboresha.

Dawa basi ni kuiwezesha kuona. Njia ziko mbili. Ya kwanza ni `-flto`, yaani uboreshaji wakati wa kuunganisha: GCC inaweka ndani ya kila faili iliyokompailiwa maelezo ya kati ya programu, na wakati wa linka (hatua ya kuunganisha faili hizo kuwa programu moja) inayarudia yote kwa pamoja kana kwamba faili zote ni moja. Ya pili ni kuhamisha fanksheni fupi kwenye faili ya heda (faili ambayo faili nyingine huiingiza ndani yake) zikiwa `static inline`, ili kila faili inayozitumia ipate miili yake. Tulianza na `-flto` kwa sababu haimgusi mtu msimbo wake. Neno `call chukua` likatoweka kabisa kwenye lupu. Mwili wake ulikuwa umepachikwa mle mle, upana ukasomwa mara moja, na jumla ikabaki kwenye rejista mwanzo hadi mwisho.

Baadaye yeye mwenyewe alichagua heda kwa zile fanksheni tatu fupi, na nakubaliana naye. Anayesoma heda anaona mara moja kwamba fanksheni hizi zimekusudiwa kupachikwa, na matokeo hayategemei mtu kukumbuka bendera ya linka. Gharama yake ni kwamba ukiigusa heda, faili zote zinazoitumia zinakompailiwa upya. Kwa programu ya faili tatu hilo si kitu.

Tukapanda kwenda `-O3`, kiwango cha juu zaidi cha uboreshaji, tukitegemea pikseli nne nne, maana rejista ya xmm ina biti 128 na inabeba desimali nne za biti 32. Haikutokea. Tukaiomba GCC itueleze kwa `-fopt-info-vec-missed`, nayo ikalalamikia njia panda ndani ya lupu. Ni ule ukaguzi wa mipaka ndani ya `chukua`. Kabla ya kupachikwa ulikuwa umefichika. Sasa ulionekana wazi, kwa kompaila na kwetu pia. Yeye akaona suluhisho kabla yangu: pikseli zinazohitaji ukaguzi ni zile za pembeni kabisa, mistari miwili na safu mbili. Akagawa kazi. Pembeni inatumika `chukua` yenye ukaguzi; katikati, kuanzia 1 hadi upana kutoa 2, inatumika `chukua_ndani` isiyokagua. Mara hii ripoti ikasema lupu imefanywa kwa vekta za baiti 16, yaani desimali nne kwa pamoja. Wala haikuhitajika kulegeza kanuni za hesabu za desimali, kwa sababu kila pikseli inajumlisha majirani wake kwa mpangilio ule ule wa awali. Zinafanywa nne sambamba, basi.

Fanksheni ya kusahihisha inastahili aya yake. Picha za Sentinel-2 zilizotayarishwa kwa toleo la usindikaji 04.00, lililoanza Januari 2022, zimeongezewa 1,000 kwenye kila thamani, na mtumiaji anatakiwa kuitoa kabla ya kugawa kwa 10,000. Anayelinganisha picha za toleo la zamani na za toleo jipya bila kufanya hivyo anajidanganya. Chukua pikseli yenye kijani 1,600 na infraredi 1,300 kwenye picha ya toleo jipya. Bila kusahihisha, faharisi ni 300 kwa 2,900, kama 0.10. Ukisahihisha ni 300 kwa 900, yaani 0.33. Juu hakuna kilichobadilika, chini pamepungua 2,000. Kama kizingiti chako ni 0.2, pikseli hiyo inakuwa ardhi au maji kutegemea tu kama ulikumbuka. Fanksheni yake ilikuwa inauliza toleo kwa kila pikseli, ingawa picha nzima ina toleo moja. Ningekuwa namshauri mtu asiye na kompaila nzuri ningesema atoe swali hilo nje ya lupu kwa mkono. Hapa haikuwa lazima: baada ya kupachikwa, GCC kwenye `-O3` inaona kwamba toleo halibadiliki na inaweza kulitoa swali nje ya lupu, ikatengeneza lupu mbili, moja kwa kila jibu. Msimbo wa chanzo ukabaki vile vile, na sharti la toleo likabaki mahali pamoja linapoweza kusomwa na kukaguliwa. Ukweli wa ramani ya Kibirizi unategemea mstari huo, kwa hiyo sitaki uenezwe nakala nakala ndani ya lupu ndefu.

Kugawa kwa 10,000 ni suala lingine. Juu na chini vyote vimegawanywa kwa namba ile ile, kwa hiyo kwenye faharisi kugawa huko kunakatana. Mtu analiona hilo mara moja. Kompaila hairuhusiwi kulikata, kwa kuwa hesabu za desimali zenye ukadiriaji zinaweza kutofautiana kwenye tarakimu za mwisho. Aliondoa kugawa kwa mkono, baada ya kuhakikisha ramani haikubadilika.

Kikwazo kilichobaki kilikuwa pointa. Kwenye delta ya mto Malagarasi, kusini ya Ujiji, matete yaliyosimama majini yanachanganya faharisi ya maji, kwa hiyo alikuwa na faharisi ya pili ya mimea, na mtumiaji anachagua wakati wa kuendesha programu. Uchaguzi ulihifadhiwa kwenye pointa ya fanksheni, na lupu iliita kupitia pointa hiyo. Hata kwa `-flto`, mwito huo ulibaki palepale. Kompaila haiwezi kupachika mwili wa fanksheni itakayojulikana baadaye, mtumiaji atakapoandika neno "maji" au "mimea". Ni sababu ile ile inayofanya `std::sort` ya C++ mara nyingi iishinde `qsort` ya C, zote mbili zikiwa fanksheni za kupanga data: ya kwanza inajua kilinganishi chake wakati wa kukompaili, ya pili inakipokea kama pointa. Tulifanya lupu nzima kuwa fanksheni ya `static inline` inayopokea faharisi, kisha tukaiita mahali pawili, kila mahali kwa jina la faharisi lililo wazi:

```
if (chaguo == MAJI)
    pitia(kijani, infra, matokeo, faharisi_maji);
else
    pitia(nyekundu, infra, matokeo, faharisi_mimea);
```

Swali linaulizwa mara moja kwa picha. `pitia` ikipachikwa mara mbili, ndani ya kila nakala pointa imekuwa jina linalojulikana, na faharisi nayo inapachikwa. Lupu imeandikwa mara moja, kwenye mashine ziko mbili.

Baada ya mafanikio hayo mtu angeshawishika kupachika kila kitu, na alijaribu: alibandika `always_inline`, agizo la kulazimisha kupachika, hadi kwenye fanksheni ndefu ya kuandika ripoti, inayoitwa kutoka sehemu nyingi. Faili ya programu ikanenepa, muda haukupungua hata kidogo. Fanksheni hiyo huitwa mara chache kwa picha nzima, kwa hiyo hakuna cha kuokoa, na nakala zake zinachukua nafasi kwenye kashe ya maagizo (memori ndogo ya kasi ndani ya prosesa), ambayo kwenye prosesa nyingi ni KB 32 tu kwa kila koa, yaani kila kiini cha prosesa. Kompaila zina mizani yake kwa jambo hili. Clang, kompaila nyingine, kwa mfano, kwa kawaida huhesabu gharama ya mwili wa fanksheni dhidi ya kikomo cha 225, ikipunguza gharama pale thamani zinazopelekwa ni namba zinazojulikana. Mwongozo wa mtindo wa kernel (kiini cha mfumo endeshi) ya Linux unawaambia waandishi wasiweke `inline` kwenye fanksheni inayozidi mistari mitatu hivi. Alikubali kuiondoa, na ripoti ikabaki fanksheni ya kawaida kwenye faili yake.

Hali ilivyo sasa: hesabu ya kipande inakwisha kabla diski haijamaliza kuleta data. Bendi mbili, baiti mbili kwa pikseli, ni MB 482 za kusoma kwa kila kipande, na hapo upachikaji hauna msaada wowote. Anachoandika wiki hizi ni usomaji wa mistari michache michache, kwa kuwa wastani wa majirani tisa unahitaji mistari mitatu tu kwa wakati, ili hesabu ianze wakati mistari inayofuata bado iko njiani. Fanksheni zake zote zipo.